Skrini ya kompyuta mpakato ina doa jeusi, mistari na giza: kipi kinatengenezeka?

Swali: "Shikamoo, mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo cha ufundi hapa Tanga. Nilitoa paneli ya LCD ya inchi 15.6 kwenye kompyuta mpakato ya mjomba ambayo bodi yake ilikufa, nikanunua bodi ya kuendeshea yenye tundu la HDMI ili nipate skrini ya Raspberry Pi yangu, ile kompyuta ndogo ya bodi moja. Nilipokuwa naibandua paneli kwenye fremu nilitumia bisibisi, na kona ya chini kushoto ikatoa mlio mdogo. Nilipowasha, picha ilikuja vizuri, ila pale konani palikuwa na doa jeusi kama wino uliomwagika, na upande wa kulia kulikuwa na mistari mitatu myembamba ya kusimama inayokuja na kupotea. Siku ya tatu nilihamisha waya umeme ukiwa umewaka, na skrini nzima ikawa giza. Lakini nikiitazama kiubavu dirishani naona herufi kwa mbali sana. Rafiki yangu anasema niipulizie joto la mashine ya kukaushia nywele ili wino urudi, mwingine anasema nifungue kioo nisafishe ndani. Je, inatengenezeka, au nimeshaipoteza? Fedha ya kununua nyingine kwa sasa sina."

Marahaba. Umeuliza swali moja, lakini ndani yake mna matatizo matatu, na nadhani ndiyo sababu ushauri wa rafiki zako umekuchanganya: yote matatu unayaona usoni pa skrini ileile, ilhali kila moja lina makazi yake. Doa jeusi liko ndani ya kioo. Mistari iko ukingoni mwa kioo, pale zinapogandishwa filamu zenye chipu. Giza liko nyuma ya kioo, kwenye taa. La kwanza halitengenezeki, wala na wewe wala na mimi wala na fundi mwenye karakana kubwa, na nalisema mapema ili usipoteze muda na fedha kulihangaikia. La pili huenda likatulizwa. La tatu, kwa jinsi ulivyolieleza, lina matumaini makubwa, na ndilo lililokuzimia skrini.

Nianze na doa, kwa kuwa ndilo lenye uvumi mwingi. Watu husema kioo "kimevuja wino", na jina hilo limewapotosha wengi, maana likishaitwa wino mtu hufikiri kwamba unaweza kufutwa, kunyonywa au kurudishwa ulikotoka. Ndani ya LCD hakuna wino. Mna vioo viwili vyembamba, kila kimoja kikiwa na unene wa nusu milimita au pungufu, vilivyotenganishwa na nafasi ya mikromita 3 hadi 5 hivi. Unywele wa kichwa chako hauwezi kupenya humo, kwa kuwa unene wake unaizidi nafasi hiyo zaidi ya mara kumi. Nafasi hiyo imejazwa fuwele za kimiminika, yaani kimiminika ambacho molekuli zake, ndefu kama vijiti, hupenda kujipanga kwa kufuatana upande mmoja. Kuta za ndani za vioo zimepakwa utando uliosuguliwa kuelekea upande maalumu, na katika paneli za aina ya TN, ambazo ndizo zilizojaa kwenye kompyuta mpakato za bei ya kawaida, utando wa kioo cha mbele umesuguliwa kwa pembe mraba na ule wa nyuma. Molekuli hulazimika kujipinda kidogo kidogo, kama vipandio vya ngazi ya kuzunguka, hadi zitimize nyuzi 90 kutoka kioo kimoja hadi kingine.

Nje ya kila kioo imebandikwa filamu ya polaraiza, ambayo hupitisha nuru inayotikisika upande mmoja tu. Filamu hizo mbili zimewekwa zikipingana, kwa hiyo nuru iliyovuka ya nyuma ilipaswa kukwama kwenye ya mbele. Haikwami kwa sababu ule mpindo wa molekuli huizungusha njiani. Transista, yaani swichi ndogo ya umeme, ya nukta fulani ikipeleka volti, molekuli za hapo husimama, mpindo hupotea, nuru haizungushwi tena, na nukta hiyo huonekana nyeusi.

Sasa rudi kwenye kona yako. Ule mlio ulikuwa wa kioo kupasuka. Kimiminika kilikimbilia kwenye ufa, hewa ikaingia, na palipo na hewa hapana kinachoizungusha nuru, basi zile filamu mbili zinazopingana zikaizuia. Weusi unaouona ni alama ya kitu kilichoondoka, na ndiyo maana hakuna cha kufuta. Kukirudisha nako hakuwezekani mezani. Kiwandani vioo hivyo huunganishwa, hujazwa na kuzibwa katika vyumba visivyo na vumbi, vichujio vya nyekundu, kijani na bluu vikiwa vimelinganishwa na transista kwa usahihi wa mikromita chache, na njia angavu za umeme zikiwa nzima. Ufa wako umezikata njia hizo. Hata ungekuwa na chupa ya kimiminika chenyewe mkononi, ungekimimina juu ya nyaya zilizokatika.

Kuhusu mashine ya kukaushia nywele, sitamcheka rafiki yako, kwa sababu huenda alichokiona alikiona kweli. Dutu hizi huwa fuwele za kimiminika kati ya viwango viwili tu vya joto. Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akifanya kazi Prague, aliona dutu moja itokanayo na kolesteroli ikiyeyuka kwenye nyuzi 145.5 za Selsiasi na kuwa kimiminika chenye ukungu, kisha ukungu huo ukatoweka ilipofika nyuzi 178.5. Michanganyiko ya kwenye skrini za leo imetengenezwa ili ikae katika hali hiyo ya kati kwenye joto la kawaida la matumizi, lakini nayo ina kikomo chake cha juu. Ukipuliza joto kali mahali pamoja, molekuli za pale husahau mpangilio wake na skrini ya TN hufanya weusi papo hapo. Ukiondoa joto, weusi hurudi nyuma na eneo hung'aa tena. Mtu aliyepuliza karibu na doa huona weusi ukikua kisha ukisinyaa, akadhani ametibu. Alichokiona kikisinyaa ni kile alichokileta mwenyewe dakika mbili kabla. Doa la awali hubaki palepale, na mara nyingine huwa kubwa zaidi, kwa sababu joto hutanua kimiminika na kukisukuma zaidi kuelekea ufani.

Ushauri wa pili, wa kufungua kioo, nao una chanzo chake. Kwenye simu, fundi mwenye vifaa hutenganisha kioo cha juu kilichopasuka na kukiacha cha ndani kikiwa salama, na watu wakazoea kusikia kwamba "kioo kimebadilishwa". Paneli ya kompyuta mpakato isiyo ya kugusa haina kioo cha juu. Unachokigusa kwa kidole ni filamu ya polaraiza iliyogandishwa moja kwa moja kwenye kioo cha LCD chenyewe, na vile vioo viwili ukivitenganisha umemaliza kila kitu kwa sekunde moja. Dawa ya meno hukwangua filamu hiyo ikaacha ukungu wa kudumu. Mchele hauna kazi hapa kwa kuwa shida yako si maji.

La kufanya kuhusu doa ni dogo. Usilibonyeze na usilisugue. Kama ufa umefika juu kiasi kwamba unausikia kwa ukucha, bandika utepe angavu ili vipande visikukate. Kisha chukua kalamu ya ncha nyembamba, chora juu ya utepe mstari unaofuata ukingo wa doa, andika tarehe pembeni, na uache paneli ikilala bapa kwa wiki mbili. Yapo madoa yanayotulia siku ya kwanza yasisogee tena kwa muda mrefu, na yapo yanayotambaa kila siku hadi yameze nusu ya skrini. Bila ule mstari hutajua lako ni la aina gani, maana jicho la mwenye mali lina hofu kuliko kipimo.

Mistari mitatu ya kulia ni habari nyingine, na haihusiani na kona uliyoivunja, isipokuwa kwamba yawezekana bisibisi ileile iliikunja paneli nzima. Kama paneli yako ni ya pikseli 1366 kwa 768, ambayo ilikuwa ya kawaida kwa inchi 15.6, basi kila mstari wa picha una nukta 1366 na kila nukta ina sehemu tatu za rangi, yaani safu 4098 zinazosimama, kila moja ikiwa na upana usiofika sehemu moja ya kumi ya milimita. Safu zote hizo hupokea amri zake kupitia ukingo mmoja wa kioo, kwenye filamu laini za rangi ya kahawia zilizobeba chipu. Filamu hizo hazikulehemiwa kwa risasi. Zimegandishwa kwa gundi maalumu yenye vitufe vidogo sana vinavyopitisha umeme, ambavyo hubanwa kwa joto na shinikizo hadi vikaunganisha njia ya juu na njia ya chini bila kugusanisha majirani. Mahali pamoja paliponyanyuka, safu moja hukosa amri, nawe huona mstari mmoja.

Kwa kuwa mistari yako huja na kupotea, ninaamini njia zenyewe hazijakatika bali mgandamizo umelegea. Mstari usiobadilika kamwe kwa kawaida huwa umekatika, na huo huachwa. Utakapokuwa umerudisha mwanga, jaribu hivi: paneli ikiwa inaonesha picha nyeupe, gusa kwa ncha ya kidole, polepole mno, ule ukingo wa chuma ulio mkabala na mistari, bila kugusa eneo la picha. Mistari ikipotea unapobana na kurudi unapoachia, umepata mahali. Kipande chembamba cha sponji au mpira usiopitisha umeme, kikiwekwa kati ya filamu na fremu ya chuma pale pale, kinaweza kuendeleza mbano huo. Nimeona viraka vya namna hii vikidumu miezi, na nimeona vingine vikishindwa jioni ileile. Ni mbano wa kubahatisha, ujue hivyo unapoufanya.

Usiguse pale na pasi ya kulehemia. Nasema hivi kwa sababu utakutana na video za watu wakipitisha pasi ya moto kwenye utepe ulio chini ya skrini ya Game Boy, mashine ya michezo ya mkononi ya mwaka 1989, au kwenye kikokotoo, na mistari iliyopotea ikarudi mbele ya macho yako. Ni kweli hurudi. Lakini skrini ya Game Boy ina nukta 160 kwa 144 tu, njia zake zimeachana kwa nafasi kubwa, na utepe wake uligandishwa kwa namna inayovumilia kupashwa tena kwa mkono. Kwenye safu zako 4098, pasi hiyohiyo itageuza mistari mitatu kuwa utaji mzima uliokufa. Zipo mashine za kugandisha upya filamu hizi, na baadhi ya mafundi wa televisheni katika miji mikubwa wanazo, lakini kwa paneli ya inchi 15.6 ambayo tayari ina ufa, kazi hiyo haina faida kwako wala kwa fundi.

Sasa giza. Bila kujua, umeshafanya kipimo cha kwanza ambacho fundi angekifanya. Kuona herufi kwa mbali unapotazama kiubavu kunaonesha kwamba kioo, chipu na bodi yako vinafanya kazi. Picha ipo, ila haina nuru nyuma yake. Irudie usiku kwa tochi: washa mfumo wote, lenga tochi karibu na uso wa skrini kwa mshazari, na utaona picha hafifu ndani ya duara la mwanga. Ukiiona, tatizo lote liko kwenye njia ya taa.

Katika paneli za LED, taa ni utepe mwembamba wa LED nyeupe uliopangwa kwenye ukingo mmoja, mara nyingi wa chini, unaorusha nuru ndani ya bamba la plastiki angavu ambalo huisambaza uso mzima. LED zimeungwa kwa mifuatano, na kila mfuatano unahitaji volti nyingi kuliko 12 za adapta yako, kwa hiyo kuna saketi ndogo ya kupandisha volti kwenye bodi nyembamba iliyo mgongoni mwa paneli. Saketi hiyo inataka mambo matatu kutoka kwenye bodi yako ya kuendeshea: umeme wa volti 12, amri ya kuwaka, na ishara ya kiwango cha mwangaza. Katika seti nyingi za namna hii nyaya hizo huchomoka kwenye kebo kuu kama tawi dogo na kuingia kwenye konekta yake peke yake. Wewe ulihamisha waya umeme ukiwa umewaka. Pini zimekaribiana mno, na kuteleza kwa nusu milimita kunatosha kuugusisha umeme wa volti 12 na ardhi, yaani upande hasi wa saketi. Kinachokufa kwanza, ikiwa umebahatika, ni fyuzi.

Chomoa adapta kabisa, subiri nusu dakika ili kapasita, vile vipande vinavyohifadhi umeme, zitoe umeme wake, kisha toa kebo na uirudishe ikiwa imekaa sawa pande zote mbili. Uko pwani, na hewa ya chumvi huzitafuna konekta. Ukiona kijani au unga mweupe kwenye pini, safisha kwa brashi laini yenye spiriti ya isopropili na uache ikauke. Angalia pia kijumba cha pini za kuchagua volti ya paneli kwenye bodi yako, kwa kuwa bodi nyingi za aina hii hutoa 3.3, 5 au 12, na paneli nyingi za kompyuta mpakato zinataka 3.3. Kifuniko kidogo kinachounganisha pini hizo kikisogezwa pengine, paneli nzima inaweza kuungua, na usitegemee fyuzi kukuokoa.

Kama bado ni giza, geukia fyuzi. Mimi huilaza paneli kifudifudi juu ya khanga iliyokunjwa mara mbili, iliyokung'utwa kwanza, kwa sababu chembe moja ya mchanga ikibaki chini ya kioo na mkono ukaegemea juu, utapata doa la pili. Ule utepe uliofunika bodi ya mgongoni huinuliwa kwa ukucha kuanzia mwisho mmoja, kwa kuuvuta ukirudi nyuma juu yake wenyewe. Usiuvute kwenda juu, kwa sababu zile filamu za kahawia zimeshikana nao na zinachanika kama karatasi ya sigara. Karibu na konekta utaona kijipande chenye urefu wa milimita moja na nusu hivi, kidogo kuliko punje ya mchele, na pembeni yake pameandikwa F na namba. Weka multimita, yaani kipima umeme, kwenye mlio, gusa ncha zake mbili. Ikilia, fyuzi ni nzima na shida iko mbele zaidi. Ikinyamaza, umempata mkosaji, au walau mhanga wa mkosaji.

Hapo ndipo wengi hukosea, kwa furaha. Kabla ya kuweka fyuzi nyingine, geuza multimita ipime omu, na upime kati ya ule upande wa fyuzi unaoelekea kwenye saketi ya taa na ardhi ya bodi. Kama kipimo kinapanda na kutulia juu, njia iko salama na fyuzi ilikufa kwa ajali yako ya waya. Kama kinakaa karibu na sifuri, kuna kapasita au chipu iliyokwisha kuungana ndani, na fyuzi mpya itaungua kabla hujaondoa mkono. Usiunganishe kwa kipande cha waya kamwe. Fyuzi ile imewekwa ili kitu cha senti chache kife badala ya bodi, na waya hauwezi kufa. Utaacha chipu ipashe moto hadi iunguze plastiki iliyo milimita chache chini yake.

Fyuzi ya kubadilishia huenda unayo tayari. Ile bodi iliyokufa ya mjomba mara nyingi huwa na fyuzi za namna hiyohiyo, na moja yake kwa kawaida hukaa karibu na konekta ya skrini. Linganisha ukubwa na alama iliyoandikwa juu. Chagua yenye ampea zilezile, na usipande juu. Utahitaji kibano, flaksi kidogo (dawa ya kusaidia risasi ishike), pasi yenye ncha nyembamba na mkono uliotulia. Ikiwa hujawahi kulehemu vitu vidogo kiasi hicho, fanya mazoezi kwenye bodi ya mjomba kwanza: toa fyuzi moja na uirudishe mara kumi, hadi uache kushika pumzi. Chuoni kwenu bila shaka kuna mwalimu wa elektroniki mwenye kioo cha kukuzia. Saa moja mezani kwake itakufaa kuliko maelezo yangu yote haya.

Ikiwa fyuzi ni nzima na volti 12, amri ya kuwaka na ishara ya mwangaza zote zinafika, basi imekufa chipu ya kupandisha volti au utepe wa LED wenyewe. Kwa chipu, njia nafuu ni kuiacha ilivyo na kutumia bodi ndogo ya ziada ya kuendeshea LED, inayounganishwa moja kwa moja na utepe wa taa. Huuzwa kwa mafundi wa skrini. Uipate inayolingana na idadi ya mifuatano ya LED, na ukumbuke kwamba pale umeme unapotoka kwenda kwenye taa pana makumi ya volti. Kwa utepe wa LED sikushauri. Kuufikia kunataka kuvua fremu ya chuma na kuinyanyua ile sandwichi ya vioo, na kioo chako kina ufa tayari. Sidhani kingevumilia kunyanyuliwa.

Kabla ya yote hayo hakikisha kweli ni paneli ya LED. Baadhi ya paneli za zamani za ukubwa huohuo hutumia mrija mwembamba wa mwanga, na utaujua kwa waya mbili zinazotoka ubavuni mwa paneli na kwenda kwenye bodi ndefu iliyo peke yake. Mrija huo huwashwa kwa zaidi ya volti 1,000 na ndani yake mna zebaki. Ukiziona waya hizo, acha, funga, na umpelekee fundi.

Umeniuliza kama umeipoteza. Ningekuwa wewe, ningetumia jioni moja kwenye fyuzi, kwa sababu gharama yake ni ndogo na ujuzi utabaki nawe hata kama kioo hakitabaki. Mwanga ukirudi na doa likakaa ndani ya mstari uliouchora, itumie: tengeneza fremu ya mbao au kadibodi ngumu inayofunika kona ile, na upunguze kingo za picha kwenye mipangilio ya Raspberry Pi ili maandishi yasiingie gizani. Skrini ya kufanyia mazoezi ya programu haihitaji uzuri. Lakini usinunue chochote cha bei kwa ajili ya paneli hii. Bodi ya ziada ya LED ndiyo mpaka, na hata hiyo ningefikiri mara mbili. Fedha ikipatikana, tafuta paneli iliyotumika kwa mafundi wanaobomoa kompyuta zilizokufa, na Kariakoo wapo wengi. Nenda na namba kamili iliyo kwenye kibandiko cha mgongoni, siyo inchi pekee. Katika namba kama LP156WH4 au B156XW02, ile 156 ni inchi 15.6, na herufi na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha ubora, konekta na volti. Beba bodi yako na adapta, uijaribu palepale kwa picha nyeupe, kisha nyeusi, kisha nyekundu. Nyeupe huonesha madoa, nyeusi huonesha nukta zilizogoma kuzima, na nyekundu huonesha mistari ambayo muuzaji hakuitaja.

Na doa likitambaa likameza skrini, usiitupe. Taa ya nyuma iliyo nzima, pamoja na bamba lake na karatasi zake za kusambaza nuru, ni meza nzuri sana ya kunakilia michoro, na ni taa laini ya kupigia picha vitu vidogo. Wakati huo ndipo utakapokuwa na ruhusa ya kufungua kioo kama rafiki yako alivyotaka, ukiwa umevaa glavu na miwani. Kimiminika kikikugusa, nawa kwa sabuni. Kikiingia jichoni, au chembe ya kioo ikiingia, suuza kwa maji safi kwa dakika 15 na uende zahanati siku hiyohiyo.

Nenda kwa fundi wa ana kwa ana bila kungoja kama fyuzi ya pili itaungua, kama utasikia harufu ya kitu kinachoungua, au kama bodi ya mgongoni inapata moto usioweza kuuvumilia kwa kidole. Hapo kosa limeshatoka kwenye fyuzi na linahitaji vifaa ambavyo huna.

Ukishapima, niandikie mambo mawili tu: namba nzima ya kwenye kibandiko, na kipimo cha omu kutoka ule upande wa fyuzi unaoelekea kwenye saketi ya taa hadi ardhi, adapta ikiwa imechomolewa. Kwa hayo nitaweza kukuambia kama uweke fyuzi leo, au utafute kwanza kapasita iliyoungana.